Maswali Yenu: Ofisini Wananiita Mama Sifuri

SWALI: Habari mhariri. Mimi nafanya kazi ofisi ya klearing, ya kutoa mizigo forodhani, hapa Busia mpakani mwa Kenya na Uganda, tuko watu saba chumba kimoja na birika moja la chai. Hawa wenzangu wanatunga maneno kila siku yaani. Sistimu ikikwama wanasema tumesistimika, sasa hata bosi asipojibu meseji eti naye amesistimika. Mtu wa kuahirisha kazi ni profesa wa kesholojia. Shida ni kwamba mwaka jana niliandika magunia 3,000 ya mahindi badala ya 300, lori likalala getini siku mbili, na tangu hapo kukosea kunaitwa kusifurisha, mimi ndio Mama Sifuri. Juzi binti wa mazoezi, wiki yake ya kwanza, kaniletea karatasi akasema "samahani dada, nimesifurisha", hata hajui neno limetoka wapi. Nilicheka nao, halafu nikaenda chooni nikakaa huko kidogo. Niwakataze ama niache? Na hii si kuharibu Kiswahili jamani?

JIBU: Nyabo, nianze na Kiswahili maana hapo ni kwepesi. Hakiharibiki. Kama sahihi inazaa kusahihisha, kwa nini sifuri isizae kusifurisha, tena yamekaa pamoja vizuri, mmoja anasifurisha mwingine anasahihisha. Na wewe uko Busia bana, mji wa kuniuliza swali hili! Si ndio hapo wapanda baiskeli walikuwa wanabeba watu kutoka kituo cha mpaka hadi kingine, wakiita abiria "boda, boda", yaani mpaka, mpaka, leo dunia nzima inajua boda boda ni nini. Rolex yetu nayo ni mayai yamekunjwa kwenye chapati, mtu akasema roldi egzi, Kiingereza cha mayai ya kukunja, harakaharaka likageuka jina la saa ya matajiri. Amin alipofukuza Wahindi mwaka 1972 na maduka yao yakagawiwa, waliotajirika ghafla waliitwa mafuta mingi. Mwalimu atakwambia ni mafuta mengi, sawa, lakini hakuna aliyemsubiri mwalimu.

Kitu kimoja kinanifurahisha kwenye barua yako. Wengi wetu Uganda tulikisikia Kiswahili kwanza kwa askari, kwenye rodibloku, na wazee wa Kampala bado wanakumbuka ile "panda gari" ya mwanzo wa miaka ya 1980, watu wakikusanywa mitaani na kupakiwa kwenye malori. Leo watu saba na birika lao wanataniana kwa lugha hiyohiyo. Mimi siwezi kukwambia uwakataze.

Ila kusifurisha na Mama Sifuri ni vitu viwili, usivichanganye. Kusifurisha limeshatoka mikononi mwako, binti wa mazoezi amelitumia kama anavyotumia kalamu, na kesho bosi mwenyewe atasifurisha, utaona. Mama Sifuri bado ni wewe. Hilo ndilo lililokupeleka chooni. Subiri saa ya chai, usingoje ukasirike, mwambie yule aliyelianzisha (unamjua, kila ofisi inaye mmoja) kwamba neno abaki nalo lakini jina akome, hasa mbele ya wateja. Sema kwa kucheka lakini sema. Na binti mweleze lilikotoka, wewe mwenyewe, kabla hajaelezwa na wengine kwa chumvi. Mwonyeshe pia hapo kwenye fomu ile sifuri iliponaswa, itamsaidia kuliko semina.

Kitu kingine, kwenye meseji za wateja acheni hayo maneno kabisa. Mwenye mzigo aliye Nairobi akiambiwa "tumesistimika" atadhani ofisi nzima ina ugonjwa. Mwandikie: mtandao umekatika, lori litatoka kesho saa nne. Na hiyo kesho iwe kesho kweli.

SWALI: Bosi wetu amebandika karatasi ukutani, maneno ya kutunga ni marufuku ofisini. Tufanyeje? Msomaji, Jinja.

JIBU: Ripoti zake mwandikieni kwa Kiswahili safi, hapo ana haki. Jikoni ni jikoni. Na lile neno mlilomtungia yeye nimelisoma mpaka nikamwaga chai, ila hapa silichapi.