Vidonda vya fizi vinavyouma na kunuka: si lazima kukatwa fizi wala kung'oa meno

Mkuu, umeuliza kama fizi zenye vidonda, zinazovuja damu na kutoa harufu kali, ni lazima zikatwe au meno yang'olewe kama ulivyoambiwa. Pole sana. Mimi yalinikuta hayo hayo na nikapona bila kisu.

Yalianza ghafla. Mdomoni ladha ya chuma, asubuhi mto una damu. Kwenye kioo nikaona ncha za fizi katikati ya meno ya mbele zimelika na kufunikwa utando wa kijivu. Kama vyako ni vya mviringo, viko kwenye ulimi au ndani ya shavu, hayo ni mengine na tiba yake si hii.

Bakteria wanaoleta ugonjwa huu wengi wao huishi kinywani siku zote. Hupata nguvu kinga ikishuka: kukosa usingizi, msongo, sigara, lishe duni, VVU. Askari wengi waliugua hivi kwenye mahandaki ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Hauambukizwi kwa kuchangia kikombe, kwa hiyo usijitenge na watu wako.

Daktari wa meno alinipaka dawa ya ganzi juu ya fizi, akasubiri ikolee, akafuta ule utando taratibu kwa pamba yenye maji maji, kisha akatoa ukoga wa juu tu. Wa chini ya fizi aliuacha mpaka maumivu yatulie. Nyumbani nilisukutua kwa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, iliyochanganywa na maji ya vuguvugu kwa kiasi sawa, unatema, humezi. Wengine hupewa klorheksidini, dawa nyingine ya kusukutua, asubuhi na jioni. Hiyo usiitumie papo hapo baada ya dawa ya meno, maana hupungua nguvu, na ukiizoea kwa muda mrefu meno hupata madoa.

Hapa ndipo naomba unisikilize. Watu hununua metronidazoli, vidonge vya kuua bakteria, na maumivu yakipungua wanaona wamepona. Ukoga bado upo, kwa hiyo vidonda hurudi. Vidonge hivyo daktari huviongeza ukiwa na homa au tezi zimevimba, na ukivitumia pombe weka kando kabisa. Kinachoponya ni usafi: mswaki laini, mkono mwepesi, hata kama panauma. Kwa maumivu meza parasetamoli. Usibandike aspirini kwenye fizi, inaunguza.

Ukishapata nafuu rudi usafishwe chini ya fizi. Ncha zilizolika huenda zisirudi zote, na chakula kitakuwa kinanasa hapo, kwa hiyo omba uoneshwe vile viburashi vya katikati ya meno. Pima na VVU pia.

Kidonda chochote cha mdomoni kikipita wiki 2 bila kupona, kionwe na daktari. Na mtoto aliyedhoofu kwa utapiamlo, fizi zake zikianza kuoza, asicheleweshwe hata siku moja. Ugonjwa uitwao noma, unaoanzia kwenye fizi, hula shavu haraka sana.

Hujasema, mkuu: una homa, au tezi chini ya taya zimevimba? Kama ndiyo, nenda leo.