Namsikia marehemu mama akiniita, ndo nishakuwa kama wale wa kwenye muvi?

SWALI: Dokta shikamoo. Mama kafariki miezi minne sasa, na tangu hapo nimeangalia The Babadook, ile muvi ya kutisha, mara tatu, kila nikiangalia najiona mimi. Usiku usingizi ukianza kunichukua namsikia ananiita jina. Rafiki yangu kasema hiyo skizofrenia kama ya yule jamaa wa muvi ya Split anayeteka wasichana, kanitumia na linki ya mtu anayepima akili kwa maswali kumi. Ntakuja kuumiza watu?

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa msiba. Kumsikia marehemu akikuita, tena usingizi ukiwa unakuja, kunawatokea wafiwa wengi tu, hilo peke yake hatuliiti ugonjwa. Na Babadook imekushika kwa sababu lile dude ni msiba wa mume ambao yule mama kaukalia kimya miaka, mwisho wala haliuawi, linakaa chini ya nyumba na yeye analilisha minyoo. Majonzi ndo yalivyo.

Sasa huyo rafiki yako, yani hili nakutana nalo kila siku na limenichosha. Yule wa Split ni mtu mwenye nafsi nyingi ndani yake, hiyo SIO skizofrenia. Skizofrenia ni sauti, ni imani ambayo humtoi mtu hata umwonyeshe nini, mawazo kuvurugika, mtu anajitenga mpaka kuoga inakuwa kazi. Shirika la Afya Duniani linahesabu wagonjwa zaidi ya milioni 20, wangekuwa wote wa kushika visu si tungeshaisha? Mara nyingi wao ndo wanaoumizwa. Kuna muvi inachukua maumivu inayapa sura ya dude, na kuna muvi inamfanya mgonjwa mwenyewe ndo dude, watu wanazichanganya. Ndo maana kuna kijana alikaa na sauti mwaka mzima anafungulia redio usiku kucha ili asizisikie, hata mkewe hajui, anaogopa ataonekana muuaji!

Na huyo wa maswali kumi usimpe hata senti. Kwake kila mtu anaumwa, na dawa anayo yeye. Wengine wanaachisha watu vidonge vya hospitali eti kipimo kimesema umepona, tunaletewa mtu hajalala siku nne. Wewe ukiona sauti inakuamrisha au inakutukana, au inakuja mchana kweupe na huli hulali, nenda kwenye kliniki ya afya ya akili, uwaambie imeanza lini na inasema nini. Muvi iache nyumbani.