Usijitoe kwenye aveki Jumapili! Soma hii kwanza

Hapana. Hapana, mdogo wangu. Nimesoma ulichoandika mara mbili mpaka chai ikapoa. Imebaki miezi mitatu aveki yenu, kile kikundi chenu cha kuweka na kukopa, igawe akiba na faida, pesa ni za cherehani tatu, shemeji amekucheka mbele ya watu huko Bukavu, na sasa Jumapili unakwenda kudai chako "uwaonyeshe". Utawaonyesha nini? Mimi nilishawaonyesha. Walitazama, wakacheka, wakarudi kula dagaa wao wa sambaza.

Ilikuwa 2021, hapa Goma. Mimi ni seremala, karakana yangu iko mtaa wa Majengo. Nilitaka mashine ya kuranda mbao, dola 1,400, nikaipangia mizunguko mitatu ya aveki, yaani migao mitatu. Tulikuwa watu 22, parti, yaani hisa, moja dola 2, kwa wiki huruhusiwi kupita parti tano, sanduku la chuma la kufuli tatu na kila ufunguo kwa mtu wake. Nilinunua tano zangu kila Jumapili, hata ile wiki nyumbani tulipokula ugali na sombe, majani ya muhogo, siku sita.

Tarehe 22 Mei, Jumamosi usiku, volkano ya Nyiragongo ikalipuka. Lava ilisimama Buhene, ukingoni mwa mji, lakini matetemeko hayakuisha, na Alhamisi tukaambiwa tuhame. Barabara ya Sake ilijaa watu na magodoro. Sanduku letu lilifungwa ndani ya godoro la mama trezorie, mweka hazina wetu, likapanda chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, likaenda Sake, likarudi. Tulilifungua mbele ya wote, haikupungua hata franga mia. Elewa basi: pesa zangu ziliokoka volkano. Hazikuokoka hasira zangu.

Agosti, sherehe ya dote, yaani mahari, ya binamu yangu, mtaa wa Himbi. Viti vikapungua. Mjomba mmoja, mwenye sauti ya mnadani, akasema, "Fundi wa viti, wewe leo utakaa wapi?" Uwanja mzima ukacheka. Nikacheka na mimi, kile kicheko cha meno tu. Nilisimama na sahani mkononi mpaka giza likaingia. Na viti vyenyewe, kwa taarifa yako, vilikuwa vya plastiki.

Pengine ningelala, nikaamka, nikaranda mbao zangu. Lakini wiki ileile nilikuwa nimelipa dola 10 kumsikiliza kochi wa mafanikio. (Mimi ni fundi, makochi nayajua. Ya kwangu angalau unaweza kuyakalia.) Bwana huyo, na viatu vyake vilivyochongoka, alituambia mwenye ndoto kubwa haweki pesa kwenye visanduku vya akina mama, na kwamba moto ukiwaka moyoni uufuate siku hiyohiyo, kabla haujapoa. Siku hiyohiyo! Kiingilio nacho alikichukua siku hiyohiyo, hicho hakukisubiri. Nikikutana naye nitamchongea kiti cha miguu mitatu, kimoja kifupi.

Jumapili nikasimama mkutanoni. Mama prezida, mwenyekiti wetu, akaniuliza jambo moja tu: "Papa, usiku ulilala?" Jibu nililompa siliandiki hapa. Nilikuwa na akiba ya dola 310, mkopo wangu wa aveki ulibaki 60, nikahesabiwa 250. Faida hakuna, kwetu anayetoka kabla ya mgao anachukua mtaji wake tu.

Nikanunua moto, yaani pikipiki. Kwa nini moto? Kwa sababu mjomba alikuwa nazo mbili. Sikuwa hata na hamu ya kuwa motari, kubeba abiria! Ilikuwa imetumika, bei 600, kwa hiyo 350 nikakopa kwa mkopeshaji wa mtaani, asilimia 20 kwa mwezi: dola 70 kila mwezi, na deni lenyewe hujaligusa. Siku ya kwanza niliipitisha mbele ya nyumba ya mjomba mara nne. Hakuwepo. Alikuwa Butembo.

Wiki ya pili injini ikaanza kula oili. Matengenezo 85. Miezi minne ya riba, 280. Nikaiuza 380, nikamrudishia yule mtu 350 zake, nikabaki na dola 30 na helmeti. Desemba nikapita kwenye mgao, eti napita tu. Mama muuza sambaza tuliyeanza naye Jumapili moja, tano kwa tano kama mimi, akahesabiwa 604. Akaninunulia soda. Ile soda bado iko hapa kooni.

Kwa hiyo nina kanuni moja, na sijali ukiiita ya kizee: pesa ya lengo haiguswi mpaka mikutano miwili ipite tangu moyo uchafuke. Na usiniambie utajizuia. Hasira ikishaingia inaongea kwa sauti yako mwenyewe, unadhani ni akili. Nilipoomba kurudi 2022 niliandika karatasi, nikiwa nimeshiba na nimetulia: "Nikija kudai kutoka, msinipe. Mniambie nirudi baada ya Jumapili mbili." Nikatia saini, mama trezorie akaifungia sandukuni. Imenikamata mara mbili. Mara moja nilikuwa nimegombana na mteja wa milango. Mara ya pili nilikuwa na furaha, mtoto amezaliwa, nikataka kulisha mtaa mzima. Furaha nayo mwizi, hilo watu hawalisemi. Mara zote mbili, Jumapili ya pili ilipofika niliona aibu hata kuuliza. Mashine iko karakana tangu 2024, majirani wanalalamika kelele.

Uliuliza pia kuhusu kuamka saa kumi alfajiri, daftari au simu, na jingine nimelisahau. Mimi naamka jua likishatoka. Daftari, lolote. Mke mwambie. Wangu alizisikia habari za moto kwa jirani, na hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Jumapili nenda. Nunua parti zako, kitabu chako cha akiba kigongwe mihuri, keti, funga mdomo. Jumatatu uje unitukane hapa, nitakuwepo.