Mwanao akiitwa jeshini Ufini

Wazazi wenzangu tunaoishi Ufini, nawaomba barua ya jeshi isiwakute hamjajiandaa. Kila kijana wa kiume mwenye uraia wa nchi hii huitwa mwaka anaotimiza miaka 18, iwe alizaliwa hapa au alihamia. Wengi wetu hushtuka tukidhani mtoto anapelekwa vitani. La hasha, anaitwa kwenye mafunzo, na ukielewa jeshi lao lilivyojengwa utamshauri vizuri.

Wanajeshi wa kuajiriwa hapa ni wachache mno. Kazi yao kubwa ni kufundisha. Kila mwaka vijana zaidi ya 20,000 hupita kambini, kisha hurudi uraiani wakiwa askari wa akiba, na hao ndio wanaofanya jeshi la wakati wa vita lifike watu 280,000 katika nchi yenye watu milioni 5.6 hivi. Hata baada ya kuingia NATO Aprili 2023, mpango huu haukuachwa. Ukiijua JKT kwa mujibu wa sheria, yaani mafunzo ya lazima ya Jeshi la Kujenga Taifa kule Tanzania, umeshapata picha, ila hapa kijana hubaki kwenye orodha ya akiba kwa miaka mingi na anaweza kuitwa mazoezini tena.

Kabla ya siku ya wito, wenyewe huiita kutsunnat, kuna fomu ya afya. Kaa naye mezani mwijaze pamoja. Pumu, mgongo, usingizi unaosumbua, hofu iliyobaki tangu kambi ya wakimbizi: yote yaandikwe. Najua kwetu mambo ya akili hufichwa, lakini daktari hupanga kwa kile alichoambiwa, na kijana aliyenyamaza ndiye atakayebeba bunduki na begi zito msituni kwenye theluji.

Siku yenyewe atakaa mbele ya maofisa wa jeshi na mjumbe wa manispaa. Ataulizwa anataka kuanza lini, Januari au Julai, na wapi. Ajibu kwa sauti, maana asiye na jibu hupangiwa. Mafunzo ni siku 165, 255 au 347. Wanaosomea ukoplo au uofisa wa akiba wote hukaa siku 347, na mimi huwashauri wasiuogope muda huo: kijana wa miaka 19 anayejifunza kuongoza wenzake kwa Kifini hupata lugha na ujasiri ambao darasani hakuupata.

Dhamiri ikikataa silaha, upo utumishi wa kiraia, nao ni siku 347. Mabinti hawalazimishwi, tangu 1995 wanaruhusiwa kujitolea.

Mwislamu aseme mapema kuhusu chakula. Supu ya njegere ya Alhamisi, desturi ya kambi zote, kwa kawaida hutiwa nyama ya nguruwe, lakini chakula kingine huandaliwa ukiomba. Kiapo nacho kina namna mbili, cha kumtaja Mungu na cha ahadi tu.

Posho ya kambini ni ndogo. Kama kijana anapanga chumba chake, aombe Kela, taasisi ya hifadhi ya jamii ya hapa, msaada wa kodi ya nyumba mara tu anapoanza. Mwajiri haruhusiwi kumfukuza kwa sababu ya jeshi, na chuo kikuu humshikia nafasi ya mwaka wa kwanza, mradi ajiandikishe kuwa hayupo kabla tarehe ya mwisho haijapita.