Mwanangu, kabla hujapanda treni ya Madurai

Mwanangu mpendwa,

Huku sote hatujambo. Unasema wenzako wa chuo hapo Chennai wamekualika mwende wote Madurai, kwenye hekalu la mungu wa kike Meenakshi. Unauliza kama wewe usiye Mhindu unaruhusiwa kuingia, na kama kuna haja ya kuzijua hadithi zote hizo wanazokusimulia.

Kuingia utaingia, ila si kila mahali. Vyumba vitakatifu viwili, cha Meenakshi na cha mumewe Sundareswarar, ambaye ndiye mungu Shiva, ni vya Wahindu peke yao. Ukifika kwenye kibao cha katazo, waache wenzako waendelee, usijipenyeze nao. Utabaki na kumbi, nguzo, bwawa na minara, na huko ndiko hadithi zilikochongwa na kuchorwa. Kwa hiyo haja ipo, tena kubwa: asiyezijua ataona mawe tu, na nusu saa haiishi atataka kuondoka.

Anza na Meenakshi mwenyewe. Mfalme Malayadhwaja wa Pandya, ukoo uliotawala Madurai, na mkewe Kanchanamalai hawakujaliwa mtoto. Wakatoa sadaka ya moto, na humo motoni akatoka binti wa miaka mitatu mwenye matiti matatu. Sauti ikawaambia wamlee kama mtoto wa kiume, na titi la tatu litatoweka siku atakapokutana na mume wake. Binti akarithi ufalme, akaenda vitani kila upande, akashinda hadi mlima Kailasa aliko Shiva. Alipomwona tu, titi likatoweka. Harusi ikafanyika Madurai. Shika hapo: mwenye mji ni mke. Ndiyo maana waumini humsalimu Meenakshi kwanza, ndipo waende kwa mumewe.

Harusi yenyewe imechongwa kwenye nguzo ya ukumbi ulio mbele ya chumba cha Sundareswarar. Kama walinzi watakuruhusu kufika hapo, simama uangalie mikono: Meenakshi yuko katikati, mkono wake uko katika mkono wa Shiva, na mungu Vishnu, kaka yake, anamimina maji kumkabidhi dada. Kama hawatakuruhusu, waombe wenzako wakaitazame kwa niaba yako. Tena wamtazame Shiva anayecheza ngoma akiwa ameinua mguu wa kulia. Kwingineko huinua wa kushoto. Husimuliwa kwamba mfalme mmoja wa Pandya alijifunza kucheza, akaona jinsi mguu mmoja unavyochoka, akamsihi Shiva abadilishe, naye akabadilisha.

Usikose Bwawa la Yungiyungi la Dhahabu. Keti kwenye ngazi zake, kuta za pembeni zina michoro ya michezo 64 ya Shiva, yaani miujiza aliyoifanya hapo mjini. Mmojawapo ni huu: mfalme aliuliza kama nywele za mwanamke zina harufu nzuri ya asili, akaahidi dhahabu kwa shairi litakalojibu. Shiva akamtungia shairi mja wake maskini, Dharumi. Nakkirar, mkuu wa baraza la washairi, akalikataa: lina kosa. Shiva akaja mwenyewe, akafungua jicho la tatu, na Nakkirar akasema kosa ni kosa hata ukifungua jicho hilo. Moto wa jicho hilo ukamtumbukiza bwawani, baadaye akasamehewa. Kwangu hii ndiyo bora kuliko zote, kwa sababu watu wa Madurai wanamheshimu mungu wao na bado wanamtukuza mshairi aliyemkosoa.

Majengo unayoyaona si ya enzi hizo za hadithi. Jeshi la Malik Kafur kutoka Delhi liliuvamia mji mwaka 1311, na sehemu kubwa ya hekalu la leo ni kazi ya watawala wa Nayak wa karne ya 16 na ya 17. Ukumbi wa Nguzo Elfu wa mwaka 1569 una nguzo 985. Na uikumbuke tarehe 8 Julai 1939, siku mwanaharakati Vaidyanatha Iyer alipowaingiza hekaluni watu wa tabaka zilizokuwa zimefungiwa mlango karne na karne.

Sasa matayarisho. Vaa suruali ndefu au gauni refu, mabega yafunikwe. Kaptula itakurudisha getini. Simu hairuhusiwi ndani tangu moto uliozuka humo Februari 2018, kwa hiyo iache mahali pa kutunzia mizigo nje, viatu navyo vilevile, na ukariri uliviacha penye mnara upi: ile minne mikubwa ya nje inafanana kwa mgeni, na anayetokea upande usio wake huzunguka pekupeku juu ya lami ya moto. Wa kusini ndio mrefu zaidi, kama mita 52. Fika saa kumi na mbili asubuhi, mawe hayajapata joto. Kuanzia saa sita na nusu mchana hufungwa hadi saa kumi jioni, na wengi wanaotoka mbali hukwama hapo. Zunguka ukiliacha jengo upande wako wa kulia, na pokea kitu kwa mkono wa kulia. Ukipewa unga mwekundu au jivu na hutaki kupaka, kunja viganja kifuani na uiname, hakuna atakayeudhika.

Rudini saa tatu usiku. Shiva hubebwa kwenye machela, kwa ngoma na ubani, kupelekwa chumbani kwa mkewe, na msafara unapopita kwenye kumbi wageni huruhusiwa kuutazama.

Wenzako watakushawishi mwende wakati wa sikukuu ya Chithirai, Aprili au Mei, harusi inapoigizwa. Hapo utasikia kwamba Vishnu alichelewa, akakuta arusi imekwisha, akageukia mto Vaigai. Usishangae kwamba nguzo inasema vingine: mfalme Tirumala Nayak ndiye aliyeunganisha sikukuu mbili zilizokuwa mbali mbali, ya harusi na ya Vishnu. Lakini kwa mara ya kwanza usiende siku hizo. Umati huwa mkubwa mno, na nguzo hutaziona. Chagua Desemba au Januari, jua likiwa limepoa.

Mama yako