Je, barzakh ni baraza? Na aliyekufa maji yuko wapi?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh wangu. Kaka yangu alizama na ngalawa na mwili wake haukuonekana. Kwenye hitima yake mzee mmoja alitueleza kuwa barzakh, yaani hali ya aliyekufa mpaka afufuliwe, ni "baraza" la kungojea kiyama, na mlango wake ni kaburi. Tangu siku hiyo mama halali. Mwanawe hana kaburi, je, yuko wapi?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakaatuh. Mpe mama pole, Mwenyezi Mungu amrehemu kaka yako.

Maneno hayo yanafanana kwa sauti tu. Baraza letu hunasibishwa na Kiarabu, baraza, yaani kujitokeza waziwazi. Ndilo lililomo katika Surat Ibrahim aya ya 48, viumbe watakapotokeza mbele ya Mola wao. Barzakh ni karibu kinyume chake: kizuizi baina ya vitu viwili. Ar-Raghib al-Isfahani, mwanachuoni wa maneno ya Qur'ani, ametaja pia kauli kwamba asili yake ni barzah, likaarabishwa.

Katika Qur'ani limekuja mara tatu. Mara mbili, al-Furqan 53 na ar-Rahman 20, halizungumzii mauti hata kidogo, bali bahari: mbili zinakutana, na baina yao pana kizuizi.

Ya tatu ni al-Muuminun 100. Aliyefikwa na mauti anaomba arudishwe akatende mema aliyoyaacha. Anakataliwa, na mbele yao ipo barzakh mpaka siku watakayofufuliwa. Angalia vizuri, dada yangu: kinachozuiwa ni kurudi duniani. Aya haikutaja kaburi.

Ni kweli tunasema "adhabu ya kaburi" na "neema ya kaburi", lakini ni kwa kuwa wengi wetu huzikwa, si kwamba asiyezikwa hana barzakh. Watu wa Firauni walighariki, na Surat Ghafir aya ya 46 inasema wanaonyeshwa moto asubuhi na jioni, kisha ndipo ikaitaja siku ya Kiyama; basi huko kuonyeshwa ni kabla yake, katika barzakh. Ikiwa maji hayakuwakinga wale na adhabu, vipi yamzuilie Muislamu rehema?

Na hili mwambie mama leo hii, usingoje kesho: katika Hadithi ya Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amemhesabu aliyekufa maji miongoni mwa mashahidi. Amwombee mwanawe hapo hapo alipo, kwenye mswala wake. Dua haihitaji kaburi la kusimamiwa.