Coaster ya kulala: kwa nini friji inazima kabla ya alfajiri

Mkuu, nimeusoma uzi wako wote. Kwa wanaoingia sasa: mwenzetu ana Coaster ya volti 24 aliyoigeuza ya kulala, anazunguka nayo Tabora hadi Kigoma. Ndani ana friji ya volti 12, feni, taa na TV ndogo. Juu kuna sola ya wati 150, chini betri moja ya N100 (saizi ya ampea-saa 100). Friji inazima usiku, betri ya kwanza ilikufa kabla ya mwaka, na fundi anamshauri anunue N200. Mimi nanunua asali Sikonge na Kaliua na nalala kwenye gari la aina hiyohiyo, kwa hiyo nakujibu kwa ninayoyaona kila siku.

N200 usinunue kwanza. Kwa maelezo yako, hiyo N100 haijai. Ukiweka kubwa kwenye mfumo huohuo nayo haitajaa, itakufa vilevile, tofauti itakuwa hela uliyopoteza.

Twende kwenye hesabu. Friji ya wati 45 haiwaki muda wote. Kwa joto la Oktoba Tabora tukadirie inafanya kazi asilimia 40 ya siku nzima. Hiyo ni kama wati-saa 430. Feni usiku kucha 120, taa 50, TV 90, simu na vikorokoro vingine 60. Jumla ni 750. Gawanya kwa 12, unapata kama Ah (ampea-saa) 63 kwa siku. N100 ni Ah 100 kwenye karatasi, lakini betri ya risasi, yaani hizi za kawaida za gari, ukiizoesha kushuka chini ya nusu unaiua mapema. Kwa hiyo una Ah 50 za kutumia. Sola yako ya wati 150 ikipata jua safi siku nzima itakupa kama wati-saa 600, yaani Ah 50. Unatumia 63, zinaingia 50, tena siku njema. Betri inaamka na deni, na deni linaongezeka kila siku.

Halafu kuna miembe. Ukifika Tabora kila mtu anakuelekeza uegeshe chini ya mwembe, na kweli pana ubaridi. Ila kivuli cha tawi moja tu kikikata paneli, umeme haupungui kidogo, unaanguka vibaya, kwa sababu vipande vya paneli vimeungwa kwa mfuatano. Egesha juani, wewe kaa kivulini. Na vumbi la barabara lifute kila unaposimama, tena asubuhi kioo kikiwa bado baridi.

Sasa jambo ambalo ndilo limenifanya niandike kirefu. Umesema fundi alichukua volti 12 kwenye betri moja kati ya zile mbili za gari (kila moja ni volti 12, zimeungwa zitoe 24), akapeleka ndani. Mafundi wengi wanafanya hivyo hata kwa redio, na kwa redio ndogo unaweza kukaa muda mrefu bila kuona madhara. Kwa friji na betri nzima ya kuchaji ni kuua betri tatu kwa pamoja. Alteneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, inaona jumla ya volti za betri zote mbili tu, haijui kwamba betri moja inanyonywa.

Nilipima Coaster ya jamaa yangu pale Uvinza, injini inaunguruma. Jumla ilikuwa volti 28.2, sawasawa kabisa, na ukiishia hapo utasema gari ni zima. Nikapima moja moja: iliyokuwa inanyonywa ilikuwa 13.4, mwenzake 14.8. Ile ya 14.8 ilikuwa inachemka, maji yameshuka hadi sahani zinaonekana ukifungua kifuniko, na unga mweupe umejaa kwenye vichwa. Betri ya ndani ilikuwa inategemea hizo 13.4, zikipotea tena kwenye waya mwembamba mrefu zinafika 13 na ushee. Betri ya risasi inataka karibu 14.4 ili ijae. Kwa 13 utaendesha kutoka Urambo mpaka Kigoma, ufike bado haijajaa, na betri ya risasi ikikaa na njaa sahani zake zinaganda salfeti ngumu isiyotoka.

Dawa yake ni chaja ya kwenye gari inayopokea volti 24 kutoka betri zote mbili na kutoa 12 kwa hatua za chaji. Waambie dukani unataka chaja. Kile kigeuzi cha redio cha kushusha 24 kuwa 12 hakifai, kinatoa volti zisizobadilika, hakina hatua za chaji. Waya uwe mnene na mfupi, fyuzi iwe jirani kabisa na betri, pande zote mbili. Ongeza paneli ya pili ya 150. Ukishafanya hayo, ndipo uangalie betri.

Ukibaki na risasi, chukua ya kuchaji na kutumia taratibu, yenye sahani nene. Ile ya starta imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache. Mfuko ukiruhusu, lithiamu ya Ah 100 inakubali kutumika asilimia 80 bila tatizo, mradi kontrola ya sola iwekwe kwenye mpangilio wake. Betri ya maji usiiweke chini ya kitanda bila tundu la kutolea hewa nje. Ikichajiwa inatoa gesi ya haidrojeni inayolipuka, na wewe unalala humo na watoto. Hili nakusihi sana.

Kuhusu birika la umeme ulilouliza: wati 2,000 kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 165, kabla ya hasara za inveta. Chai pika kwa gesi.

Kesho zima kila kitu usiku, pima betri ya ndani alfajiri kabla jua halijagusa paneli. 12.7 imejaa, 12.2 nusu, chini ya 12 imekwisha. Kisha washa gari, pima zile mbili moja moja, uweke namba zote hapa pamoja na unene wa waya. Nitakwambia chaja ya ampea ngapi inakufaa.